Kitambaa Chekundu cha Ardis

Orrin Tveit hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Mimi ilinichukua miaka kumi na moja, na tulikuwa kiwanda kimoja cha mbao, yeye akinoa misumeno, mimi nikipanga magogo. Ukimsalimia saa mbili, anaitikia saa nne. Wenzetu walisema ana kiburi. Hakuwa nacho. Alikuwa mtu wa jambo moja kwa wakati mmoja, na watu wa namna hiyo wamebaki wachache hapa Montana.

Mdomo wa nyumba ulikuwa kwa mkewe, Ardis, mpishi wa shule kwa miaka ishirini na sita. Ardis aliweza kuongea na jirani, na mbwa wa jirani, na mkate ulioko kwenye jiko, vyote kwa pamoja. Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo hata yeye alinyamaza: kibanda cha nyuma, walipotengeneza risasi za binti yao.

Binti huyo, Signe, anafyeka njia za milimani, na milima yetu ina dubu. Kule mtu hubeba bastola kifuani, ile inayojikoki yenyewe, na kwa dubu haifai risasi nyepesi inayopasukia juu ya nyama. Inatakiwa yenye kichwa kizito cha madini ya risasi, kigumu, kinachokwenda mpaka mfupani. Vichwa hivyo alivifanya Ardis. Aliyeyusha vipande vya kubalansia matairi alivyopewa gereji, akavimimina katika kalibu kwa upawa, amevaa aproni ile ile ya shuleni. Chenye mkunjo au tundu alikirudisha sufuriani. Alikuwa akisema kichwa kibaya ni kama chapati mbichi, hakitengenezwi kwa kusamehewa.

Kujaza ilikuwa kazi ya Orrin. Anaweka ganda tupu la risasi chini ya kopo la baruti, anashusha mkono wa kopo mara moja, kipimo kinaingia. Baruti yenyewe ni kidogo, haifiki nusu ya ganda, na hatari iko hapo hapo. Ukishusha mkono mara mbili hakuna kinachomwagika nje. Ukishakalisha kichwa juu yake kwa mashine ya kukandamiza, hakuna macho yatakayojua tena, na siku risasi hiyo ikipigwa, bastola inapasukia kiganjani.

Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuanza, Ardis anafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango wa kibanda. Ukikiona, unarudi ulikotoka, hata kama nyumba inaungua. Kisha anasimama kushoto kwa mumewe na tochi, anamulika kila ganda, anasema, "Nimeona." Hapo tu ndipo Orrin anakalisha kichwa. Risasi hamsini, "nimeona" hamsini, basi.

Ardis alifariki kwa maradhi ya moyo, majira ya theluji mwaka juzi. Aliacha bati moja la vichwa, hamsini na vitatu, na Orrin hakuligusa. Nilimwona mara moja amelifungua, amekaa tu analiangalia.

Mwezi Juni mwaka huu Signe alipangiwa bonde la kaskazini, ambako dubu alikuwa ameua nyumbu wawili wa mizigo. Akamwomba baba yake risasi. Orrin akalichukua lile bati.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Alhamisi moja nilipita kwa Orrin na habari moto moto: lile bomba refu la moshi la kiwanda chetu litaangushwa Jumamosi. Kitasani hapakuwa na kitambaa. Orrin hakuwahi kukifunga yeye maishani mwake. Alikuwa akifunga Ardis. Nikasukuma mlango, na ulimi wangu, kama ulimi wowote, hauna mfupa.

"We mzee, wanaangusha bomba Jumamosi."

Aligeuka. "Bomba lipi?"

"La kwetu. Tumevuta moshi wake miaka thelathini, sasa linageuka kifusi. Utakuja?"

"Ntakuja," alisema. Akageukia meza, akachukua kichwa kilichofuata, akakikalisha. Nilikwenda zangu nimefurahi.

Ijumaa Signe alichukua kiboksi cha risasi. Jumamosi asubuhi tulisimama mimi na Orrin kwenye uzio, pamoja na nusu ya mji, na vikombe vyetu vya kahawa, tukingoja bomba lianguke. Nikaanza kumtania.

"Juzi nilikushtua. Ungepiga chafya kidogo tu ungeanguka kutoka kwenye kiti chako."

Hakucheka. Alikiweka kikombe juu ya nguzo ya uzio.

"Hoyt. Ulipoingia, mkono wangu ulikuwa wapi?"

"Mkono upi?"

"Kwenye kopo. Ulikuwa juu, au nilishaushusha?"

Nilijaribu kukumbuka. Niliuona mgongo wake tu, na mwanga wa dirisha. "Sijui, ndugu yangu."

"Mimi pia sijui," alisema.

Miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumsikia mtu yule akisema hajui jambo la mikono yake mwenyewe. Alikwishageuka kuelekea pikapu, nikamfuata. Bomba lilianguka nyuma yetu na watu wakapiga makofi, na hakuna kati yetu aliyetazama.

Mwendo mpaka alikoanzia safari Signe ulikuwa wa saa nzima, na alikuwa akiendesha kwa mikono yote miwili. Niliomba Mungu nyumbu wa mizigo yake wawe wamegoma, tumkute hajaondoka. Hawakuwa wamegoma, tulimkuta Signe akifunga mzigo wa mwisho, bastola iko kifuani.

"Baba? Kuna nini?"

"Umepiga ngapi?"

"Sijapiga hata moja. Nimejaza magazini tu. Nilitaka nikazijaribu kambini."

Orrin alinyoosha kiganja. "Nirudishie zote."

"Zina nini?"

"Sijui kama zina kitu. Huyu aliingia, nikageuka. Mamako hakuwepo." Alisema hivyo mbele ya wafyekaji wanne, na masikio yalikuwa yamemwiva.

"Si tuzipime kwenye mizani tu?"

"Mizani haitasema. Vichwa vya kumimina havilingani, na maganda hayalingani. Ziada ya baruti inajificha humo humo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunazivunja zote."

"Vichwa vya mama," alisema Signe. Kisha akaitoa magazini, akazichopoa risasi moja moja kiganjani mwa baba yake.

Msimamizi alimruhusu Signe aanze safari kesho yake. Mchana ule ule sote watatu tulikuwa kibandani. Ipo nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani: unatia risasi, unagonga kwenye kisiki, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika. Orrin aligonga, mimi nilimwaga baruti kwenye kikopo na kusoma mizani. Kumi, sawa. Ishirini, sawa. Nilianza kumwona mzee amejitesa bure, nikakaribia kusema, nikaumeza ulimi.

Ya thelathini na tatu ilikuwa na baruti ya vipimo viwili.

Nilikiweka kikopo chini. Signe alitazama ile baruti, kisha akakitazama kiganja chake cha kulia, akakifunga.

"Ni mimi, Orrin," nilisema. "Nimekosa."

"Mlango haukuwa na kitambaa," alisema. "Endelea kusoma."

Tulizimaliza. Vichwa vilitoka salama, isipokuwa viwili vilivyobonyea pua. Orrin alivifuta vyote kwa aproni ya Ardis, ambayo ilikuwa bado inaning'inia pale kwenye msumari, akavipanga tena kwenye bati. Kisha akampa binti yake tochi.

"Simama hapa," alisema, akimwonyesha upande wa kushoto.

Niliona kitambaa chekundu kimekunjwa rafuni. Sikuagizwa. Nilikichukua, nikatoka, nikakifunga kitasani mafundo mawili, nikakaa nje juu ya gogo mdomo umefungwa.

Nilisikia mkono wa kopo ukishuka. Kisha sauti ya Signe, na ni sauti ya mama yake hasa, wala hajui.

"Nimeona."

Nilingoja kusikia kichwa kikikalishwa. Kilichukua muda mrefu; nadhani alikuwa akikiangalia tu, kama siku ile na bati. Mimi sikugeuka kuchungulia dirishani, nikakaa naangalia viatu vyangu mpaka mashine iliposhuka.