Nilikadiria urefu wa mkaratusi wa mama kwa simu, nikakosea kwenye mikono yake

Wakuu, habari za mchana. Hii imenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu ya kunicheka ipo.

Mimi ni mtu wa misitu, napima miti Iringa. Mama yupo nyumbani Katubuka, Kigoma, peke yake tangu mzee afariki. Nyuma ya nyumba kuna mkaratusi walioupanda wao wawili.

Masika haya upepo wa ziwani ukaezua bati la jirani. Nikaingiwa na hofu. Mkaratusi ukianguka, unafika chumbani kwa mama? Toka shinani hadi ukutani ni mita ishirini na nane, niliwahi kupima.

Kwenye kazi yetu, ukijua kipenyo cha shina unakadiria urefu. Mama hana futi. Nikampigia.

"Mama, ukumbatie mkaratusi, uniambie kama vidole vinagusana."

"Vidole vimegusana kidogo tu, mwanangu. Majirani wananicheka huku."

Nikajiona fundi. Mikono ya mama naijua, akiinyoosha ni sentimita mia sitini na tano. Gawanya kwa 3.14, kipenyo hamsini na mbili na ushee. Fomula ikaleta urefu wa mita thelathini na moja, yaani unafika chumbani.

Nikamwambia tunaukata.

"Baba yako alishika mche, mimi nikafukia. Njoo uukate mwenyewe."

Miaka minne sijaenda home, wakuu. Kila likizo nilikuwa na sababu, na kila nikisikia mtu anataja migebuka, samaki wa ziwa letu, roho inaniuma. Nikapanda basi.

Nimefika, nikatoa futi hata chai sijanywa. Mzingo, mia thelathini na nane. Urefu nikapima kwa kifaa, mita ishirini na tano. Haufiki ukutani.

"Mama, ulikosea."

Akaukumbatia tena nione. Vidole vikagusana kidogo tu, kweli. Ila mabega yamekaza, na mkono wa kushoto haunyooki wote.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Ningekwambia kwenye simu, ungefanya nini?"

Nililia, mtu mzima na futi mkononi.

Funzo langu: fomula haikuwa na shida. Mimi nilipima kwa mikono ya mama niliyemwacha miaka minne iliyopita.

Wenye wazazi mbali, mara ya mwisho mmewaona lini? Semeni ukweli, leo sitamcheka mtu. Mimi likizo imebaki siku tano, na hazinitoshi.