Mhudumu wa Pampu Anayebishana na Baba Yake Kuhusu Mwisho wa Mafuta

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi, kwenye kituo cha mafuta, mwanamke mwenye ovaroli iliyopauka anapiga magoti kando ya mfuniko wa chuma. Anateremsha fimbo ndefu yenye alama ndani ya tangi la chini ya ardhi, anaipandisha, anasoma ilipolowa.

"Yamepungua," anasema, kisha anacheka. "Miaka kumi na minne nachovya fimbo hii. Sijawahi kukuta yameongezeka yenyewe."

Wateja humwita Shangazi. Ana miaka thelathini na minane. Mshahara wake umekuwa ukilipa kodi ya vyumba viwili, chakula na dawa za presha za baba yake.

Baba huyo, dereva mstaafu wa lori la mafuta, ndiye aliyemwombea kazi hapa. Ndiye pia mbishi wake mkuu.

Ubishi ulianza Shangazi alipofungua kitabu cha sayansi cha binti yake. Alisoma kwamba mafuta yametokana na viumbe wadogo wa baharini, waliofukiwa kwenye tope mamilioni ya miaka iliyopita.

"Wadudu wasioonekana ndio wajaze lori langu?" mzee anahoji, akiweka kikombe chini. "Hilo ni jasho la ardhi, mwanangu. Na ardhi haiachi kutoka jasho."

"Baba, wewe ulikuwa unabeba tu. Mimi ndiye napima."

"Eti napima! Unapima tangi, hupimi dunia."

Walicheka hivyo miezi mingi, hadi chuo cha ufundi kilipotangaza mafunzo ya bure ya kutengeneza pikipiki za umeme. Shangazi angebaki na zamu za wikendi tu, na dada yake aliahidi kununua dawa za mzee. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa Ijumaa. Fomu aliijaza, akashindwa kuipeleka.

"Kazi hii alinipa yeye," anasema kwa sauti ya chini. "Niliona kuiacha ni kumwambia kwamba miaka yake yote barabarani ilikuwa bure."

Alhamisi jioni mzee aliikuta ile fomu chini ya sahani. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma taratibu hadi mwisho.

"Si nasema mafuta hayaishi?"

"Unasema, baba."

"Basi nenda kasome. Ukirudi utayakuta."

Huu ni mwezi wake wa pili chuoni. Akihitimu, anataka kufungua kibanda chake cha ufundi. Kitu cha kwanza atakachonunua, anasema, ni kiti cha baba, apate pa kukaa akiwabishia wateja.