Kompyuta Niliyoichagua Nikiwa Edani

Kompyuta ya mashine yetu ya kuchonga niliichagua nikiwa edani, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la dirisha la jikoni, na shemeji yangu akiwa upande wa pili, karakanani. Mjane wa edani hatoki kwa miezi minne na siku kumi, wala haonekani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, na kwetu Msambweni jambo hilo bado lina uzito. Hina sikupaka, manukato sikutia, simu nilikuwa nayo. Kuhusu simu hakuna aliyesema neno.

Mume wangu alikuwa fundi wa milango. Alianza kwa patasi na nyundo, kisha tukapata mashine: meza kubwa ya chuma, na juu yake kichwa kinachotembea huku kikizungusha kisu, kikiongozwa na kompyuta. Yeye alizijua mbao. Mimi nilichora maua na minyororo ya milango kwenye kompyuta na kuigeuza michoro hiyo kuwa amri za mashine. Watu walidhani ninamsaidia kupokea wateja, nasi hatukuwasumbua kwa kuwaeleza. Siku aliyokufa alikuwa amemaliza ubao mmoja wa mlango wa msikiti wa Mkwiro, na wa pili ulikuwa nusu. Alisimamisha mashine akasema anajinyoosha kidogo kabla ya alasiri. Hakuamka.

Matanga yanataka nafasi, na mahali petu penye paa pana ni karakana tu. Wanaume wakafagia unga wa mbao, wakatandika mikeka, wakahamisha kilichohamishika. Meza ya chuma iliwashinda. Kompyuta haikuwashinda, ikatolewa nje, ikawekwa chini karibu na mafiga ya pilau, na maji ya kuoshea mchele yakapita ndani yake siku nzima. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mtu siku ile alikuwa akitafuta thawabu, na thawabu nyingine huwa na maji mengi.

Wifi yangu aliponiletea habari hiyo, nilimwuliza maji yalifika kimo gani. Alinitazama kama mtu anayeamua iwapo anyamaze au aende akaseme kwa wenzake, na nadhani alisema. Nilikuwa sijalia hata chozi. Wanawake walisifu subira yangu, wakawaambia mabinti zao waige. Haikuwa subira. Ilikuwa ile ganzi ya kung'olewa jino: ulimi unakwenda pengoni, unajua pana pengo, na husikii kitu.

Baada ya arobaini wazee wa upande wa mume walikaa, na aliyeletwa kuniambia ni mavyaa, mama mzazi wa marehemu. Watoto hatukujaaliwa. Alinieleza kwamba mashine iliyolala ni chuma tu, na chuma kitauzwa pamoja na karakana, kila mrithi apewe fungu lake, mimi nikiwemo, kisha nirudi kwa kaka yangu Samburu. Ila mlango wa Mkwiro ukimalizika kabla eda yangu haijaisha, wataamini kuwa kazi ina mtu, na mimi nitabaki nyumbani.

"Sikufukuzi, mwanangu," alisema. "Lakini nyumba isiyokuwa na kazi huliwa na chumvi."

Kaka yangu ni mtu mwema. Kwake kuna mbuzi, kuna watoto, kuna malori yanayopita barabarani usiku na mchana, na ningepewa kitanda na kuitwa shangazi hadi kufa kwangu. Nilitaka kubaki. Nilijua ninataka kubaki kama unavyojua jina lako. Sikuhisi lolote, lakini nililijua. Basi ikabidi ipatikane kompyuta.

Kazi ya kuitafuta aliichukua shemeji, mdogo wake marehemu, fundi wa matengenezo katika hoteli moja ya Diani. Ana moyo mzuri na haraka nyingi. Akitoka kazini alipitia maduka ya Ukunda na kunitumia picha, na kila picha ilikuwa ya uso: kioo kinachong'aa, mandhari ya milima yenye theluji. Nikamwandikia anipigie picha za mgongo.

"Shemeji, watu wote huchagua uso, wewe wataka mgongo?" aliuliza kwenye simu.

Nilimjibu kuwa ndiyo maana kaka yake alioa vizuri kumshinda yeye. Alicheka, kisha akanyamaza ghafla kwa sababu alikumbuka. Mimi sikucheka wala sikunyamaza. Nilimweleza ninachotaka.

Mashine yetu ni ya kizamani. Inazungumza na kompyuta kwa waya mnene wenye kichwa kipana cha pini nyingi, ule uliokuwa wa printa za zamani, na kompyuta za leo hazina tundu lake. Pili, haihitaji akili nyingi. Kompyuta huiambia tu: songa kidogo, songa kidogo, songa kidogo, na kila amri lazima ifike kwa wakati wake. Ikichelewa kufumba na kufumbua, kisu hupotea njia, na mbao ya mbambakofi iliyokwisha kukatwa haishoneki. Kwa hiyo nilitaka kompyuta ya mezani, nzito, isiyo na haraka, yenye tundu pana mgongoni, na isiyokuwa na jambo jingine duniani la kufikiria.

Akaniletea kompyuta ya mkononi, nyembamba kama sinia, mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kuwa tundu si shida, akampa kiwaya cha kuunganishia. Nilijua itakavyokuwa, lakini mtu aliyetoka Ukunda na mzigo mikononi huwezi kumwambia arudi nao kabla hajakaa. Nikamwacha aunge. Nilisikia injini za mashine zikinguruma kidogo, halafu kimya. Akaunga tena. Kimya. Akaniuliza kwenye pazia kama labda inahitaji kuchajiwa.

Sikukasirika. Mwaka uliopita ningekasirika hadi jirani wajue. Nilimwambia airudishe, na nikaendelea kuchambua mchicha.

Baada ya hapo alipotea kwa siku kadhaa, nikaanza kupanga kichwani nguo za kwenda nazo Samburu. Nilizipanga vizuri, bila huzuni, nikaona zitaenea kwenye begi moja.

Aliporudi, sikusikia sauti ya furaha. Aliweka kitu kizito mezani, akasema kwa unyonge kwamba hoteli yao ilibadilisha kompyuta za mapokezi na za zamani zilikuwa zinaenda kutupwa. Akaomba radhi kwa rangi yake, ilikuwa imegeuka manjano ya meno. Nikamwomba picha ya mgongo. Lilikuwepo, lile tundu pana, lenye vumbi na buibui mmoja aliyekauka.

"Hiyo hiyo," nilimwambia.

"Hii kuukuu?"

"Imekaa miaka mapokezi ikisalimia wageni bila kuchoka. Safisha, uilete karibu na mashine."

Programu na michoro nilikuwa nayo kwenye flashi, ndani ya kopo la sindano. Nilimpitishia chini ya pazia. Tulianza na kipande cha mwembe, tuchonge duara. Likatoka kama yai. Shemeji aliinua kile kipande hadi dirishani ili nikione kupitia upenyo, na alikuwa amekata tamaa kuliko mimi. Yeye alikuwa ameshasema kwa mama yake kuwa mambo yamekwisha kuwa sawa.

Kompyuta ile bado ilikuwa na tabia za hotelini. Kila mara iliacha kazi ikatafuta mtandao, ikatafuta printa, ikauliza kama pana ujumbe mpya, ikataka kulala mtu asipoigusa. Nikamwongoza kwa sauti, yeye akibofya na kunisomea kilichoandikwa: toa mtandao, zima masasisho, zima kinachokagua virusi, ikataze kusinzia, ikataze kubana stima. Tulifanya hivyo tangu adhuhuri hadi alasiri. Kila alichokizima alikitaja, nami nikasema ndiyo, na nikawaza kwamba haya ndiyo niliyofanyiwa na mimi. Nimezimwa kila kitu ili nifanye jambo moja.

Duara la pili lilitoka duara. Shemeji alilipitisha kidole, akasema, "Mashallah."

Ulibaki ubao wenyewe, bado umebanwa mezani kama alivyouacha marehemu. Mashine haikumbuki iliposimama. Lazima ionyeshwe upya pembe ya kuanzia, na ukikosea kwa upana wa unywele, ua la pili halitakutana na la kwanza. Nilimwambia shemeji atazame pembe ya kushoto, karibu na ukingo. Kaka yake alikuwa na desturi ya kuweka alama ya penseli pale.

Nilimsikia akipuliza unga wa mbao. Kisha akasema ipo, ndogo, mistari miwili iliyopishana, na kando yake pana doa la kidole.

Mchoro ule niliuchora mimi, nami nilijua mkato wa mwisho ni ukingo, na kwamba ukingo ungepita papo hapo, uondoe alama pamoja na doa. Nilimwambia ashushe kisu juu ya alama, aweke karatasi ya sigara katikati, na karatasi ikianza kushikwa asimame. Aliniuliza kama nataka apige picha kwanza.

"Anza tu," nilisema.

Mashine ilichonga mpaka magharibi ikakaribia. Nilisikiliza kila kona ikikunja, kila ua, na hakuna mahali iliposita. Mkato wa mwisho niliujua kwa sauti yake, mrefu na ulionyooka, halafu shemeji akazima.

Watu wa Mkwiro walikuja wakaweka mbao mbili pamoja, wakapitisha mikono, wakasema haionekani marehemu aliishia wapi. Walikusudia kusifu, na nilishukuru nikiwa ndani. Siku eda ilipoisha nilikoga, nikavaa nguo mpya, na mavyaa akanipaka mafuta ya nywele kwa mkono wake mwenyewe. Alinieleza kuwa wazee wamekubaliana: hakuna kitakachouzwa, hapa ni kwangu, na mtu asinisumbue. Alilia. Alinikumbatia kwa muda mrefu, nami nikampigapiga mgongoni mpaka akatulia.

Jioni shemeji alirudi Diani. Mavyaa alichukuliwa na wifi. Nilifunga geti, nikarudi ndani, nikatoa pazia la jikoni kwa sababu halikuwa na kazi tena, na karakana ikaonekana yote, mpaka ukuta wa mwisho. Nilisimama pale nikitazama kila pembe, mpaka nikatambua ninamtafuta mume wangu. Nilikuwa nimepigania kubaki, na sasa nilikuwa nimebaki.