Picha ya Ramari Ukutani kwa Masista

Miaka kumi Ramari aliendesha gari la posta katika bonde la mto Whanganui, asubuhi akipanda na mto, alasiri akishuka nao, na miaka yote hiyo hakukanyaga ndani ya nyumba ya masista. Watalii aliowabeba pamoja na barua, mikate na chakula cha kuku aliwashusha kwenye ngazi za ile nyumba ya mbao, kisha akarudi garini kwenye chupa yake ya chai. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye mdomo usiopumzika. Penye ngazi zile tu ndipo mdomo ulipofungika.

"Leo utaingia?" Kataraina alimwuliza, kama kila siku. Huyu ni binamu yake, mshika funguo tangu masista wazee walipopungua.

"Nikiingia mimi, paa litawaangukia."

"Paa ni jipya, mwenzangu. Tafuta uongo mwingine."

Sababu yake alikuwa nayo tumboni. Alipokuwa na miaka tisa, mto ulimchukua baba yake. Mama akampandisha ngazi zilezile, akamkabidhi kwa masista, akashuka bila kugeuza shingo. Ramari akalala kitanda chenye pazia jeupe na kufua mashuka mpaka vidole vikachanika. Alipofika kumi na saba alitorokea Sydney, ng'ambo ya bahari. Alimwandikia Kataraina mara moja tu, kumpa anwani. Mama hakumtafuta, naye akasema basi. Aliporudi baada ya miaka thelathini na miwili, mama alikuwa kaburini.

Siku hiyo kati ya abiria alikuwemo Bibi Olwyn, mwenye miaka themanini na minne na goti bovu.

"Nipe mkono, mwanangu. Sikutoka Dunedin, mbali kote kule, kuja kuchungulia dirishani."

Ramari akamtafuta Kataraina kwa macho. Alikuwa ameshaingia jikoni, kuwahi skonzi zisiungue. Ramari akatoa mkono. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano. Harufu ya nta ya sakafu ilikuwa ileile.

Katika ujia wa kwenda kanisani walifika penye ukuta wa picha. Watu wa bonde lile huwatundika marehemu wao, waamkiwe na kuzungumziwa. Aliye hai hatundikwi kati yao, maana ni kumwitia mauti.

"Maskini binti huyu," alisema Bibi Olwyn, ameinama na miwani yake. "Amekufa mdogo."

Ramari akatazama. Ikawa sasa bibi ndiye anayemshika yeye. Binti pichani alikuwa na kovu kwenye unyusi. Ramari akapeleka kidole kwenye unyusi wake mwenyewe, akaligusa kovu lilelile.

"Kataraina!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayezama. "Nani ameniua?"

Kataraina akatokea na kitambaa cha jikoni begani. Akamwona Ramari, akaona picha, akasimama palepale.

"Kwani ulikuwa hujui?"

"Nijue nini?"

"Nyumba uliyotupa anwani yake iliungua. Tuliandikiwa hakupona mtu."

"Nilishahama! Wiki mbili kabla!"

"Sisi tungejuaje? Mama yako alikulilia siku tatu, jeneza halina mtu. Picha hiyo aliitundika kwa mkono wake."

"Na niliporudi? Miaka kumi nakuletea barua hapo mlangoni, wewe kimya tu?"

"Tulidhani umeshaambiwa na wengine! Tulidhani hiyo ndiyo sababu huingii, hutaki kujiona." Kataraina alikuwa analia sasa. "Na nani angeigusa, Ramari? Aliyeitundika amekufa. Uliyebaki ni wewe."

Ramari akageukia ukuta. Kando ya picha yake, bega kwa bega, ilikuwa picha ya mama yake. Mama alikuwa amezeeka kuliko Ramari alivyomwacha.

"Aliomba awekwe hapo," Kataraina akasema. "Alisema safari hii hakuachi peke yako."

Jikoni skonzi zikaanza kunukia moshi, na hakuna aliyekwenda kuzitoa. Mwishowe Kataraina akaanza sala kwa sauti ya chini. Ilipokwisha, Ramari alinyoosha mikono miwili, akajitoa ukutani. Msumari ukabaki, na doa jeupe pembeni mwa mama.

"Mama," alisema, "mimi hapa. Sikufa."

Akasogeza uso, akagusisha pua na paji la uso wake kwenye kioo cha mama, kama watu wa kwao wanavyoamkiana, akatulia hivyo.

Nje alinawa mikono bombani, kama atokaye kwa wafu, akaweka picha yake kiti cha mbele cha gari.

"Kesho utaingia?" Kataraina aliuliza kutoka mlangoni, macho mekundu.

"Weka chai," alisema Ramari. "Na skonzi zisizoungua."