Bi Harusi na Pasi ya Mkaa

Makumbusho nimeingia mara moja tu maishani, tena nikiwa nimefunikwa kanga kichwani, wiki ya harusi yangu. Kwa hiyo asiniulize mtu habari za hazina zilizohifadhiwa mle ndani. Ninachoweza kueleza vizuri ni sakafu. Ilikuwa safi mno.

Hii ilikuwa Gisenyi, miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatupangia hata saa ya kulala. Walijenga jumba kubwa karibu na ziwa, wakalijaza vitu vyetu, kisha wakatualika tuje kuvitazama. Kimojawapo kilikuwa ngoma ya Bibi yangu. Wazee wake waliibeba tangu Ujiji, nayo ikatunzwa mtaani kwetu Mbugangari kwa ndugu yake, mpaka siku ndugu huyo alipoibadilisha na Mzungu mmoja kwa baiskeli isiyokuwa hata na kengele. Bibi hakumsemesha tena. Kila baiskeli ile ilipopita, alitema mate.

Sasa, kwetu bi harusi hatoki nyumbani kabla ngoma hiyo haijalia juu ya kichwa chake. Mama alitolewa hivyo, na dada yangu pia. Mimi sikujali. Nilikuwa nimempenda dereva wa lori mwenye jino la dhahabu, angenipeleka kuishi Bukavu, na ningetoka hata kwa kupigiwa sufuria. Nikamwambia Bibi tuazime ngoma ya jirani.

"We unataka kutoka kama mbuzi amekata kamba?" akaniuliza. "Ngoma haiwezi kuja kwetu, basi tutaifuata. Bila ile, mi sitoi ruhusa. Mwambie dereva wako aoe lori yake."

Baba alikuwa amekwisha kufa, na ruhusa ilikuwa mdomoni mwa Bibi. Sikuwa na pa kukata rufaa.

Shida ni kwamba mwari haonekani nje. Tena watu weusi walioingia jumba lile peke yao walifuatwa na mlinzi chumba hadi chumba, ila mwenye watoto aliachwa apite, maana Wazungu walitaka watoto wajifunze. Bibi akaazima watoto watatu wa dada yangu, mkubwa wao hajaota hata meno ya pili, akanifunika vizuri, akawaamuru wanishike mikono. Mlangoni mlinzi alinionea huruma.

"Pole, mama. Huyu macho yake yalikufa tangu lini?"

"Tangu alipopata muchumba," akajibu Bibi, akapita.

Alikuwa amejitwika kapu la maandazi. Chini ya maandazi, juu ya kigae, ilikaa pasi ya mkaa ya mjomba wangu fundi cherehani, imejaa makaa mekundu. Ngoma isiyopigwa hulegea. Lazima ngozi ipashwe moto ndipo iseme, na Bibi hakuwa mtu wa kwenda kwa Wabelgiji kuomba kiberiti.

Basi tukatembea. Watoto ndio walikuwa macho yangu, Mungu atusamehe.

"Mama mudogo, iko nyama mukubwa huku! Amekufa lakini iko nasimama!"

"Nyama gani?"

"Sijue. Iko na sura ya mjomba."

Yule wa kati alibanwa na mkojo, na kabla sijamwuliza mtu choo kiko wapi, mambo yalikuwa yamekwisha. Hilo nililiona mwenyewe, lilikuwa sakafuni.

Chumba cha mwisho Bibi akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni. Nilisikia kamba ya kuzuia watu ikisogezwa, halafu kiganja chake kikipapasa ngozi kavu. Akawapa watoto maandazi ili watulie, akatoa pasi, akaanza kuipitisha juu juu ya ngoma, polepole, kama anayenyoosha shati la hariri la mtu mkali. Harufu ya ngozi ikapanda. Akagonga kwa kidole. Bado. Mimi chini ya kanga nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kisha viatu vya mlinzi vikaja mbio.

"Mama! Hapana gusa! Hii ni ngoma ya vita!"

"Vita ya nani? Hii ni ngoma ya harusi, inapigwa na wanawake. Ona mulivyoiacha inalegea, hamuna haya?"

Nikaona viatu vyake vikisogea, kimoja, halafu kingine. Alikuwa mtu wa Mudende, vijiji vya huko milimani, na nadhani hiyo haikuwa ngoma ya kwanza kuiona mbele ya moto.

"Pale pembeni iko baridi bado," akasema. "Pitisha na pale. Lakini haraka, patron, Mzungu mukubwa wa hapa, iko nakula hapo juu."

Bibi akaniinamisha sakafuni chini ya ngoma, akapiga.

Sikuwa nimejiandaa. Mara ya mwisho kuisikia nilikuwa mtoto, nimejificha chini ya kitanda nikilia kwamba wananichukulia dada yangu. Sauti ilikuwa ileile. Kicheko kikaniisha chote. Hapo kwenye sakafu ya Wabelgiji ndipo nilipoelewa kwamba safari hii anayechukuliwa ni mimi, na nikaogopa sana.

Bibi akaweka kiganja juu ya kichwa changu. Kilikuwa cha moto kwa sababu ya pasi.

"Haya," akasema. "Nimekuruhusu. Toka."

Neno hilo nilikuwa nimelisumbukia mwezi mzima. Huko juu mlango ukafunguliwa, viatu vingine vikaanza kushuka ngazi, mlinzi akawa ananong'ona, "Mutoke, mutoke bote!" Watoto wakakimbia. Bibi akaitumbukiza pasi kapuni, akanivuta niinuke. Nikaishika kanga yake kwa mikono yote miwili na kukataa. Akanivuta tena, halafu akaacha, akaketi chini kando yangu.

Viatu vyeusi vya patron viliposimama mbele yetu, tulikuwa tungali pale sakafuni, mimi na yeye, tunalia, na maandazi yanatoa moshi.