Vibati Vyangu Vilivyong'arishwa

Mama ana ugonjwa wa kung'arisha vyombo. Alipokuja London kukaa nami Edmonton, alibeba waya wake wa kusugulia kutoka Unguja, maana hakuamini kwamba Wazungu wanao wa maana. Wiki ya kwanza alimaliza sufuria zangu. Ya pili akaenda Ilford kwa dada yake, akamsugulia na zake bila ya kuombwa, na wakanuniana mpaka jioni.

Mimi kazi yangu ilikuwa kinyume chake kabisa. Nilikuwa maabara, nalea kutu. Fueli ya nyuklia ya baadhi ya mitambo ya utafiti huvikwa ganda la alumini, na ikishatumika huwekwa majini miaka na miaka. Huko ganda huota ukoko mweupe. Baadaye fueli hutolewa, hukaushwa na kufungiwa ndani ya makopo ya chuma, na hapo ndipo penye shughuli. Ukoko umeyabana maji ndani yake, na ukikausha hayatoki yote. Mionzi huyavunja, ikatoka gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikijazana kwenye kopo inaweza kuleta balaa. Sisi tulipima itatoka kiasi gani, ili wenye makopo walale usingizi.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha, na kibali cha kuishi kiliufuata mkataba. Ikatangazwa nafasi moja ya kudumu. Nikiikosa, ni kurudi nyumbani, mimi na Mama. Niliogopa sana. Kwa ajili ya usaili nikaleta nyumbani vibati vichache vya alumini nilivyovichemsha mwenyewe mpaka vikaota ukoko wa kupendeza, vya maonyesho tu, ambavyo havijawahi kusogezwa karibu na mionzi. Asubuhi ya siku yenyewe nikavipanga mezani, nikaenda kuoga.

Niliporudi viling'ara mpaka nikayaona meno yangu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Utakwendaje intavyu kwa watu wazima na vitu vina ukoga? Watasema huna mama."

Nilifoka. Nilimwaga yote kwa mpigo, ya ukoko, ya mionzi, ya kibali, mpaka nikachoka, nikakaa chini. Mama alinisikiliza, waya bado umo mkononi.

"Kumbe unataka bati chafu," akasema. "Lililokaa na maji."

"Ndiyo, Mama."

Akainama chini ya sinki, akapitisha mkono nyuma ya ndoo, akatoa sufuria ya alumini iliyozongwa mifuko ya plastiki. Ilikuwa yangu ya enzi za uanafunzi, niliyoisahau na maji ndani mpaka ikafanya mabaka meupe. Alikuwa ameificha wageni wasiione.

"Hii imenishinda," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kuhusu chombo chochote.

Nilipanda treni nimeipakata. Mbele ya jopo nikaiweka kando ya vibati, nikaeleza: hapa pamesuguliwa, maji yaliyobanwa karibu hakuna, hapa mama yangu amesugua wiki nzima na bado yamo. Mzee mmoja wa jopo akaishika, akauliza ilipikiwa nini. Nikamwambia wali. Wakacheka, kisha wakaniuliza maswali magumu kweli kweli.

Simu ilipokuja, Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia nimepata. Nilitegemea kigelegele, lakini aliuweka ungo wake chini.

"Mimi tangu siku ile silali," akasema. "Nilijua nimekuharibia riziki kwa mikono yangu mwenyewe."

Nikamkumbatia na mchele wake. Akanivuta mpaka chumbani, akanionyesha sanduku lake nyuma ya mlango. Nguo zake zote zilikuwa zimeshakunjwa ndani. Alilifunga kimya kimya, ili nikikosa nisione anavyohangaika kufungasha. Tukalia kidogo, tukacheka zaidi, kisha tukazirudisha nguo kabatini, moja moja.