Nyumba Niliyoichagua Nimekaa

Ipo siku moja naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, mwanangu: siku niliyopanda basi kutoka Handeni kwenda Korogwe kutafuta mtaa wa kuhamishia familia. Mimi si mtu wa kupanda mabasi. Ni fundi cherehani, kazi yangu naifanya nimekaa, na nikimaliza kazi napumzika kwa kukaa. Lakini mke wangu, Mama Zaina, alikuwa ameshasema. Mwaka unaofuata Zaina anaingia darasa la saba, na mama yake alitaka amalizie kwenye shule ambayo mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina.

Basi nikaomba ushauri, na hapo ndipo nilipopotea. Shemeji yangu akasema, "Nenda Manundu, kila kitu kipo mlangoni." Jirani akaruka, "Manundu? Mtoto atajua bei ya nyanya kabla hajajua kugawanya! Mpeleke Mombo." Mteja wangu mmoja, nikimpima suruali, akasema Mombo ni mabasi mchana kutwa, nipande Kwashemshi kwenye hewa safi. Niliingia kwenye basi na mitaa mitatu kichwani. Niliposhuka sikuwa na hata mmoja.

Aliyenipokea stendi ni Masanja. Huyu ni Mnyamwezi, baba yake alikuja zamani kukata mkonge na hakurudi kwao. Mimi ni Mzigua, kwa hiyo Masanja ni mtani wangu. Ninyi mliolelewa na simu huenda hamjui: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kofia yako, akakuchekesha hata msibani kwako, na wewe huruhusiwi kununa. Ubaya wake ni kwamba ukweli na uongo anavitoa kwa sura ileile.

Tulipofika Manundu akaniambia, "Hapa usipange. Watu wa hapa wanakula Wazigua." Nikacheka. Tukatembea mpaka miguu ikaniuma, nikaanza kuuliza kama hakuna nyumba ya karibu zaidi na pale tuliposimama. Mwisho tukafika nje ya mji, chini ya milima, kwenye nyumba yenye baraza pana na upepo. Nikakaa kujaribu. Aisee! Mbele yangu palikuwa na korongo kavu, mbuzi wanakula majani ndani yake, na ng'ambo yake bati za shule zinang'aa.

"Masanja," nikasema, "shule ile pale. Naiona nikiwa nimekaa!"

"Mzigua, umekuja kutafutia watoto shule au umekuja kutafuta pa kuweka makalio?"

"Vyote viwili."

"Haya. Hilo korongo masika halipitiki. Mwanao atasoma kwa darubini."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu wa Handeni, mwanangu! Sisi tuliokua tukikimbizana na punda wa maji na madumu, leo uniambie yatakuja maji mengi mpaka yanizuie njia? Nikaona huo ndio utani mtamu kuliko wote wa siku ile. Nikamjibu, "Yakija niite, nitayakinga kwa ndoo." Masanja akanitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno, halafu naye akacheka. Desturi ni desturi.

Tukahama. Januari mpaka Februari nilikuwa mfalme. Nakaa barazani na cherehani yangu, namtazama Zaina akishuka korongoni, akipanda upande wa pili, akiingia getini. Nilimwambia Mama Zaina kwamba sijawahi kuchagua vizuri hivyo tangu nimchague yeye. Akasema hakumbuki kama ni mimi niliyechagua.

Masika yalipoanza, mchana mmoja mvua ilinyesha milimani huko juu. Kwetu tone halikudondoka. Nikasikia mngurumo, nikadhani lori. Kuinua macho, korongo limejaa maji mekundu, yanabeba magogo. Watoto walikuwa wanatoka shule. Zaina alikuwa mbele yao, viatu mkononi, mguu mmoja umeshaingia. Nilisimama nikapiga kelele. Maji yalikuwa na kelele kunizidi. Sikuweza kufanya lolote, mwanangu. Nilikuwa naona vizuri sana, kama nilivyotaka.

Mkono ukamshika ukosi wa shati, ukamrudisha nyuma. Alikuwa Masanja, ambaye nyumba yake iko upande ule wa shule. Alisikia mngurumo akatoka mbio kuwazuia watoto. Nikakimbilia ukingoni. Akapiga kelele kutoka ng'ambo, sauti ikanifikia kwa shida, "Mzigua! Huyu sasa ni wangu! Njoo umkomboe!"

Kwa utani nilipaswa kumrudishia tusi. Badala yake nilikaa chini, mikono kichwani. Masanja aliponiona hivyo akaacha kucheka. Akainua mkono tu, akamchukua mtoto kwenda kwake.

Maji yalipungua baada ya siku mbili, lakini Mama Zaina alikataa. "Mtoto hapiti hapo mpaka mvua ziishe." Kwa hiyo mimi niliyehama ili familia ikae karibu na shule, mtoto wangu alikaa masika yote kwa mke wa Masanja. Jumapili tulizunguka kwa daraja la mbali kwenda kumsalimia, kama wageni.

Aliporudi Juni, alisimama mlangoni. "Shikamoo baba." Nikaitikia. Akabaki pale na mkoba wake, akauliza, "Niuweke wapi?" Mama Zaina aliingia jikoni akakaa muda mrefu, na jikoni hapakuwa na kitu motoni.

Sasa na wewe unaniuliza Manundu au Kwashemshi, ubaki Handeni au uhamie Korogwe. Mwanangu, sijui. Mpaka leo nimechanganyikiwa vilevile, na ukiuliza watu kumi utapata mitaa kumi, kila mtu anakusifia alipokaa yeye. Ninachojua ni hiki. Kabla hujakubali nyumba, simama. Mshike mkono mtoto wako, utembee naye kwa miguu kutoka mlangoni mpaka darasani, saa ileile atakayokuwa anakwenda. Kisha umuulize yeye, maana njia ni yake. Waulize wenyeji masika yanakuwaje hata kama unatoka mahali ambapo mvua ni hadithi. Na mtu anayekutania akigusa habari ya mwanao, kata kicheko umuulize mara ya pili, bila aibu.

Mungu akupe mtaa ambao watoto wako watarudi kila siku, wautupe mkoba popote wanapotaka, na wewe upate nafasi ya kuwagombeza.